Kidole Kwenye Mizani

Mimi ni fundi mizani, pale Mwaloni.
Miaka kumi na tisa natazama mishale ikitetemeka
kabla ya kutulia.
Naijua springi iliyochoka. Nalijua jiwe la kilo
lililolambwa tupa kwa chini, usiku.
Namjua mchuuzi wa dagaa anavyoegemeza kiwiko
akijifanya anakohoa.
Lakini mizani inayompima Nkwimba wangu
sijawahi kuiona.
Iko mbali, ndani ya kompyuta ya watu,
na fundi wake hanijui.

Walisema Ijumaa. Ijumaa imepita.
Sasa wanasema Jumatatu, baada ya saa nane.
Milembe kajiunga bando la siku tatu,
simu kailaza juu ya kabati, upande wa dirisha,
maana huku kwetu Mabatini, kati ya majabali,
hata mtandao hupanda mlima kwa miguu.
Kila ikilia tunaruka.
Ni kampuni ya simu, inatutakia siku njema.

Mwaka jana kiwango kilikuwa mia mbili kumi na nne.
Mwaka huu Mama Lushinge kasikia mia mbili ishirini.
Baba Bituro, ambaye shemeji yake
hupeleka maji ya kunywa ofisini kwa wafadhili,
kasikia ishirini na sita.
Kinapanda tu, kama bei ya dagaa
mbalamwezi ikiwa kali na taa za karabai zimelala.
Nasi kitandani, gizani, tunajumlisha:
hesabu tumpe themanini na tano,
kemia, tusizidishe, sabini,
baiolojia alitoka anacheka…
“Na Kiingereza?”
“Kiingereza usikiguse. Lala.”

Barabarani hatuamkiani tena.
“Bado?”
“Bado.”
Kama watu wenye mgonjwa Bugando.
Tumekopeshana chumvi, tumezikiana wazazi,
na Lushinge kala kwangu tangu hajaota meno ya mbele,
lakini niseme kweli:
usiku namwombea mia mbili kumi na tisa.
Alama nzuri kabisa.
Isiyotosha.
Nafasi ni kumi na mbili, mkoa mzima.
Najua naye mama yake anamwombea wangu hivyo hivyo,
na asubuhi tunapeana moto wa jiko.

Nkwimba alizaliwa mwepesi.
Kliniki kulikuwa na nesi mwenye ulimi wa wembe
kwa mama wenye watoto wepesi.
Ile mizani niliitengeneza mimi, mwezi uliotangulia.
Nikasimama nyuma, kama ninayezuia khanga isidondoke,
nikaweka kidole.
Gramu mia mbili.
Nesi akaandika. Milembe akapumua.
Halafu miezi minne nikanunua maziwa kila jioni,
na mimi chai nikanywa ya rangi,
nalipa deni la kidole changu,
mpaka siku mshale ulipofika pale wenyewe
nami mikono nimeifunga mgongoni.

Leo nina vidole kumi
na sina pa kuviweka.

Yeye mwenyewe yuko uani, anamsuka mdogo wake.
Nimejikaza mwezi mzima, leo nimeuliza:
lile swali la mwisho la fizikia?
“Lilikuwa la mizani, baba.
Fomula ilinikimbia.
Nikaandika unavyofanya wewe: unasogeza jiwe
hadi upande wa pili unyamaze.”
Na jibu?
“Jibu nililipata. Ila sijui kama njia yako
wanaitolea alama.”
Akaendelea na mstari wa nywele,
umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Saa nane na dakika sita.
Simu inatetemeka juu ya kabati,
inajikokota polepole kuelekea ukingoni.
Ngojeni, nasema.
Kipimo hakisomwi kabla hakijatulia.
Milembe hanisikii.
Keshapanda juu ya stuli.