Tak

Mwaka mzima nimeegesha mteremkoni.
Uyole, sokoni, shuleni, msibani:
kabla ya kuuliza mlango uko wapi
niliuliza ardhi inainamia wapi.
Harusi ya mdogo wangu niliiaga kabla ya keki
kwa kuwa uwanja ulikuwa tambarare
na vijana wa kusukuma walishaanza kulewa.

Na Julai, jamani, Julai ya huku kwetu,
ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi
kama mtu asiye na zamu,
kioo kina ganzi, vidole vina ganzi,
nazungusha ufunguo, naambiwa:
tak.
Neno moja. Kama mume aliyenuna.

Hapo ndipo mlango wa jirani hulia.
Asajile hutoka na koti lake la mvua, mswaki mdomoni.
Hatuongei tangu masika, tangu ule ua wa michongoma
aliousogeza hatua mbili
(yeye asema moja).
Hasalimu. Anaweka viganja juu ya buti,
anasukuma mpaka kona ya mashine ya kusaga,
naachia klachi, gari linakohoa, linashika,
na kwenye kioo namwona akirudi
akipangusa mikono kwenye suruali.
Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Watu walisema betri.
Muuza betri alisema betri kwa sauti kuliko wote.
Lakini taa zilikuwa hazififii,
honi ilimshtua mbuzi wa watu,
na betri iliyokufa haipigi kelele.

Gwakisa, fundi wa pale Kabwe, hakusema kitu kwanza.
Alikwangua chumvi nyeupe kwenye vichwa vya betri, akakaza.
Tak.
Akaufuata waya wa hasi hadi kwenye bodi, akausugua.
Tak.
Akalala chini ya gari juu ya kiroba cha mbolea,
akagusisha taa ya kupimia kwenye waya mwembamba wa stata:
"Zungusha, Mwalimu." Taa ikawaka.
"Umeme unafika. Amri inafika. Mwenye kutii ndiye hayupo."
Akaigonga stata kwa mpini wa nyundo, si kwa hasira,
vile unavyomgusa bega mtoto aliyesinzia darasani,
na gari likawaka mara moja, kwa aibu.
"Basi nimeshaijua. Zima."

Alianza kufungua hasi. Daima hasi kwanza.
Bolti mbili, spana ya kumi na nne:
ya juu ilitoka kama salamu,
ya chini ilikataa saa nzima na robo,
ikanywa mafuta ya taa, ikala ngozi ya kidole,
ikala matusi mawili ya Kinyakyusa ambayo siyaandiki hapa.
Kisha stata ikaangukia kiganjani mwake,
nzito, nyeusi, na udongo wa barabara zote nilizopita.

Ndani, kaboni nne zilikuwa zimeisha,
kila moja kama punje ya mtama,
zimesuguana na shaba hadi hazifiki tena.
Nilikaa nazitazama.
Kitu kinafanya kazi kwa kugusana,
na kugusana huko ndiko kunakokimaliza.
Gwakisa akasema nimpe hela, Mwanjelwa wanafunga mapema.

Akarudi na nyingine, ya gari lililopata ajali,
elfu themanini, ikashuka sitini na tano.
Akahesabu meno: tisa kwa tisa.
Akaikanyaga pale chini, akaigusisha waya,
ikaruka kama kuku anayeshikwa.
"Hii inataka kazi."

Asubuhi ya leo nimezungusha ufunguo
na gari limewaka kabla sijajiandaa.
Mlango wa jirani ukalia vilevile.
Asajile akasimama kwenye ukungu,
viganja vimeshatangulia mbele,
havina pa kuwekwa.

Akatema povu. "Limepona?"
"Kaboni zilikwisha."
"Mimi nilidhani betri."
"Kila mtu alidhani betri."

Injini ikawa inanguruma, sikuondoka.
Akautazama ua. Nami nikautazama.
"Ilikuwa hatua moja na nusu," akasema,
akaingia ndani kusukutua.