Sehemu ya Kwanza na ya Pili

Nimeirudia jana usiku, hapa Tukuyu,
mvua ikipiga bati kama kawaida yake,
ile filamu ya dunia iliyokauka:
watu wanauana kwa dumu moja la maji.

Tuliicheka sana, sisi wana wa mvua,
kwenye banda la Mwakalukwa,
soksi zikifuka mvuke kando ya jiko la mkaa.
Nani auane kwa maji? Njooni Rungwe mchote!

Mwongozaji yule namjua kwa mkono wake:
hapendi muziki kabla ya risasi,
kamera huikalisha chini, usawa wa magoti,
na lori likija linakuja na vumbi lake lote
mpaka tukakohoa.

Lakini jana nilisoma maandishi ya chini.
Pale langoni, shujaa anapompa adui kikombe cha mwisho,
miaka ishirini nimeyabeba maneno yake:
"Kunywa. Nikikuua, nisikuue na kiu."
Hasemi.
Anafuta mdomo, anaondoka.

Kumbe alikuwa Ambakisye,
na maiki yake iliyozungushiwa utepe mweusi,
akitafsiri ukimya.

Sehemu ya pili nayo nimeiweka.
Lori kubwa zaidi, moto mwingi zaidi,
shujaa ana mvi, na anasema mno.
Ambakisye hakuifikia. Kifua kilimmaliza
Juni ile ya baridi,
banda likawa duka la mbolea.

Nikazima sauti.
Nikajaribu mwenyewe, polepole,
mvua ikinizidi:
"Kunywa. Nikikuua..."

Mke wangu akauliza kutoka chumbani,
"Nani ana kiu saa hizi?"