Nusu ya Chini

Treni ya mzigo haifiki Saranda ikiwa nzima.
Kwanza unaisikia Kintinku, huko chini bondeni,
kama mtu anayesaga uwele chumba cha pili.
Kisha kimya. Kisha honi.
Shangazi Mbeleje husema, "Wameikata."

Huikata kweli. Mlima hauitaki yote,
basi kichwa huacha mabehewa kumi na moja
njia ya pembeni, breki zimekazwa kwa mkono,
kikapanda na tisa.

Mimi huhesabu. Nina daftari la hesabu la darasa la tano,
kila mraba behewa moja:
M ni mafuta, S saruji, K kontena,
na alama ya kuuliza kwa lililofunikwa turubai.
Leo: M M M S S K K ? K.
Namba ya injini siisomi, masizi yameila.

Inapita polepole hata mbuzi hawainui vichwa.
Chuma kinalia kwenye kona ya mwamba,
mchanga unamwagwa relini magurudumu yasiteleze,
na mlinzi, juu ya kiti cha plastiki behewa la nyuma,
ananiuliza kwa kiganja: maji?
Namrushia chupa.
Ananidai shukrani, namdai chupa.

Wanasema reli mpya, ile ya umeme,
itapanda bila kukatwa.
Sijui nitaandika nini.

Mama alipokwenda Tabora alimbeba Sechelela,
aliyekuwa bado ananyonya.
Nauli ilikuwa ya mmoja na wa mgongoni.
"Wewe nitakufuata," alisema, akanifunga kifungo cha shati
ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.
Sikulia. Nilikuwa nimeshaona mlima unavyofanya kazi.

Saa tisa alasiri kichwa kinateremka peke yake,
chepesi, karibu kinakimbia,
punda aliyetuliwa mzigo.
Dereva hapigi honi. Anakula muhindi.

Natoboa ukurasa kwa ncha ya penseli nikisubiri.
Jua limeingia nyuma ya Manyoni,
vichaka vimekuwa rangi moja na kokoto,
na bondeni kule mngurumo umeanza tena, mzito,
unajivuta, unasimama, unajivuta.

"Ugali unapoa!"
Nakuja, shangazi.
Tisa ziko juu. Nimeacha miraba kumi na moja mitupu
kwenye mstari uleule,
sijaruka hata mmoja.