Digrii Thelathini

Temuulen alimleta ndani ya koti,
mfuko wa plastiki umegusa ngozi ya kifua,
vituo vinne vya basi, Ulaanbaatar, hasi thelathini.
"Mama, bado anapumua," akasema, barafu kwenye kope.

Nilijua. Mgeni hukaa kwanza peke yake,
wiki tatu, ndooni.
Lakini ndoo ilikuwa na ovaroli zangu zimelowekwa,
na mtoto ananitazama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja, wenyeji wakaugua.

Siku ya tano, punje moja kwenye pezi.
Nikadhani kiputo cha hewa.
Siku ya sita, punje kumi na saba.
Siku ya saba niliacha kuhesabu,
maana kuhesabu nilifundishwa na baba
mwaka ule baridi ilipotumalizia mifugo:
alishika kipande cha chaki, akachora ubavuni mwa lori
mstari kwa kila kondoo aliyeganda amesimama.
Mia mbili na kumi na moja.
Kisha tukahamia mjini.

Mama mkwe, Dulmaa, akavaa miwani, akainama:
"Watie chumvi."
"Mama, huoni kama wamekwisha kutiwa?"
Hakucheka. Alikuwa sahihi, nusu.

Nimesoma tabia za adui.
Akiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haimpati.
Anakula, ananenepa, anadondoka kwenye changarawe,
anajifungia kifukoni, anajigawa,
mmoja kwa mamia,
na watoto wanatoka uchi majini kutafuta nyama.
Hapo tu ndipo anapokufa.
Basi usimfukuze. Mharakishe.
Mpe joto akue upesi, aanguke upesi,
aje mwenyewe.

Na joto ndiyo kazi yangu.
Miaka kumi na mmoja nafungua vali kituoni,
maji ya moto yaende kwenye maghorofa sijui mangapi,
na sijawahi kumwona hata mmoja niliyempasha.
Sasa digrii moja asubuhi, moja jioni,
mpaka thelathini.
Thelathini ndani, hasi thelathini nje,
katikati vioo viwili na mimi, soksi jozi mbili.

Mkaa nimeutoa kwenye kichujio, usije ukanywa dawa.
Mji mzima unakohoa mkaa,
mimi nautoa kwa kijiko.
Dawa nimetia nusu kipimo, kwa ajili ya botia,
yule wa milia, magamba yake ni kama hayapo.
Vidole vimekuwa kijani.
Msimamizi akauliza nimepaka geti la nani.

Siku ya kumi na moja, ngozi safi!
Temuulen akacheza sebuleni, mpaka jirani wa chini
akagonga bomba.
Sikuwa na moyo wa kumwambia
kwamba weupe ukitoweka
ndipo wanapokuwa wengi.
Nikavuta mpira, nikafyonza changarawe,
ndoo baada ya ndoo.

Usiku wa kumi na tatu umeme ukakatika.
Pampu ikanyamaza kwanza, kisha friji, kisha sote.
Dulmaa akainuka gizani bila kuulizwa,
akavua kitanda chake lile zulia la sufu,
la kondoo wa mwisho wa baba,
akalifunga tangi kama mtu anayefunga mtoto mgongoni.
Nikakoroga maji kwa kikombe wapate hewa,
saa mbili na nusu,
bega hili, kisha lile.

Watatu walikufa. Botia hakufa.
Mgeni hakupata hata kidoa,
amenona, anazunguka kama mwenye nyumba.

Jana nimekuta kwenye kona ya kioo,
kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika,
mistari mitatu, imesimama.

Sijawahi kumsimulia Temuulen habari za lori.