Kijiti Katikati ya Lundo

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa ndoo
nikakinge mkojo wa sungura kumi na saba.
Mashavu Semkiwa, mdogo kwa mwanangu wa pili,
hakucheka. "Jembe utalistahili," alisema,
akaenda kuhamisha mbuzi.

Sikumwambia kwamba miaka kumi na tisa
nilikaa nyuma ya kaunta Muheza mjini,
karibu na pale yanapopakiwa machungwa,
nikipima dawa kwa kizibo.
Lile fuvu la kwenye lebo nililijua kama jirani.
Mkulima akiniletea jani lenye matobo
sikuuliza limeota katika udongo gani.
Niliuliza: una shilingi ngapi?

Kicheba hakuna daftari.
Unakata alizeti pori kando ya njia, unailaza,
juu yake samadi, juu yake majani makavu,
konzi ya majivu, maji, halafu unarudia
mpaka lundo likufike kifuani
na mgongo uanze kusema Kibondei usichokijua.
Kisha kijiti. Alikichomeka kwa mshazari
kama anayempima mgonjwa homa kwapani.
"Keshokutwa ukichomoe. Usiniambie unadhani nini,
niambie mkono umesikia nini."

Mkono haukusikia kitu. Kijiti kilitoka kikavu,
baridi kama ufunguo.
"Maji hukutia."
Nilitia.
"Ulinyunyiza. Kunyunyiza ni kwa marashi, arusini."

Masika yakaingia. Tuta langu la nyanya chungu
likapendeza hata nikawa napita kulitazama bila sababu,
na asubuhi moja, vidukari: weusi, wamejipanga
chini ya majani kama foleni ya mafuta ya taa.
Mashavu akasema mwarobaini. Uutwange, ulale majini,
uchuje, unyunyize jioni, usubiri.
Nilitwanga. Nilichuja. Kusubiri ndiko kulikonishinda.
Chini ya kitanda nilikuwa na chupa,
robo tu, ya akiba, ya "huwezi kujua".

Kulipokucha vidukari wamekwisha.
Wamekwisha pia wale wadudu wekundu wenye madoa
waliokuwa wakiwala, na nyuki wawili,
na nyungunyungu wamekuja juu ya udongo
wamejinyoosha kama kamba za viatu.
Niliwaokota mmoja mmoja. Sikujua pa kuwaweka.

Mashavu alisimama pembeni ya tuta muda mrefu.
Hakutukana. Hakuuliza chupa iko wapi.
Aliingia bandani, akatoka na ndoo.

Sasa ni Julai. Tuta lile limelala chini ya matandazo,
halijapandwa kitu; kila Ijumaa nafunua kidogo, nachungulia,
nafunika tena kama anayelaza mtoto.
Lundo la tatu nimelijenga peke yangu.
Leo alfajiri nimechomoa kijiti:
kina jasho, kinaunguza,
kinanuka uyoga na mvua ya juzi.
Nimekishika mpaka kiganja kikakataa,
nikakihamishia mkono wa pili.

Mashavu yuko mnadani, hakuna wa kuniuliza umesikia nini.
Sungura wanagonga mbao. Saa yao wanaijua.
Jembe bado sijapewa.