Kitabu Kilisema Nyekundu

Kitabu nilichosomea Groningen kilisema: nyekundu.
Upele mwekundu, ukingo mwekundu,
wekundu unaofifia ukibonyezwa kwa kioo.
Kurasa mia sita, na kila mgongo ndani yake
wa waridi, kama samaki aliyepasuliwa.

Nikarudi Paramaribo na kitabu na koti jeupe.
Jumatatu ya kwanza, mvua ikipiga bati,
akaja Dorvin Abienso, miaka mitatu, Msaramaka,
kashushwa mtoni siku nzima mapajani mwa mamaye,
anajikuna viwiko hata usingizini.
Nilitazama. Sikuona wekundu.
Nikaandika: hafifu.
Husemwa macho hayana pazia.
Yangu yalikuwa nalo, la waridi.

Siku ya tisa walirudi.
Usaha kwenye mikunjo, kitambaa kimegandia ngozi.
Mama hakufoka. Alisema tu:
"Daktari, siku ile hukumgusa."

Nikamgusa.
Joto lilikuwapo, la kikaango kilichoepuliwa sasa hivi.
Vipele vilikuwapo, vidole viliviona kabla ya macho,
kimoja kwa kila kinyweleo,
na ngozi imekakamaa kama ganda la chungwa la juzi.
Wekundu nao ulikuwapo, tangu Jumatatu ile,
ila hapo huitwa zambarau,
huitwa kijivu,
huitwa weusi uliouzidi weusi wa jirani yake.

Dawa ya usaha kwanza. Kisha marhamu, si losheni.
Maji ya uvuguvugu, dakika tano, sabuni isiyo na manukato,
na mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu.
Ukurutu ulipotulia ukaacha mabaka yaliyopauka,
na mama akanong'ona jina la ugonjwa anaouogopa.
Hapana, nikamwambia, hiyo si mbalanga.
Rangi imekimbia moto; itarudi, kwa miezi, si kwa siku.
Akanitazama kama mtu anayekopeshwa mara ya pili.

Tangu hapo naenda polepole.
Bwana Ngadimin, mwoka mikate, alikuja na choa kiunoni,
kakipaka krimu ya shemeji yake wiki sita
mpaka duara likapoteza uduara wake.
Nikakwangua magamba kwa wembe, tone la dawa, darubini:
nyuzi za kuvu, zimetandaa kama mizizi.
Bi Sharmila alijifunika mtandio mashavuni.
Mkebe wa krimu yake haukuwa na orodha ya viambato,
ulikuwa na picha ya mwanamke mweupe anayecheka.
Sikumkemea. Nilimwomba auache mkebe mezani,
nikampa kinga ya jua yenye rangi ya uso wake.
Tatu nilizojaribu kabla zilimgeuza majivu.

Halafu Bwana Zeefuik, tarishi mstaafu.
Mikono inawasha, alisema, na kweli iliwasha;
nilikwisha kuandika cheti.
Alipoinuka akachechemea.
"Msumari tu. Niliukanyaga mwaka juzi."
Vua kiatu, tafadhali.
Akacheka. Madaktari watatu, alisema,
na hakuna aliyewahi kutaka kunusa soksi zangu.

Kwenye wayo, pale ngozi yake ilipokuwa nyepesi zaidi,
palikuwa na doa, jeusi, pana kuliko kitufe cha koti langu,
ukingo umechanika kama ramani ya pwani.
Sisi sote tulifundishwa kwamba saratani hiyo
ni ya watu wanaoungua na jua.
Wayo hauoni jua.

Majibu ya maabara yalikuja siku ya kumi na nne.
Hayo ni yake, sitayaweka hapa.

Kitabu kiko bado rafuni. Pambizoni nimeandika kwa penseli,
nikafuta, nikaandika tena.
Na kila anayeingia namwambia avue viatu,
hata yule binti wa chuo aliyekuja leo asubuhi,
Chiquita Pinas, anayechelewa mtihani:
"Daktari, chunusi zangu ziko usoni!"
Naziona, namwambia. Vua tu.
Nitapanda hadi huko.