Makabidhiano

Shika, Tumpe. Hili ndilo daftari.
Jalada limelowa mara mbili, Machi na Machi nyingine,
maana bati letu hapa Tukuyu haliinyimi mvua kitu.
Kurasa zilizoshikana usizivute.
Pitisha kisu cha mkate polepole, hesabu zimo.

Mwanzo ni mwandiko wa Ambakisye,
mkubwa, wa mtu aliyedhani wino hauishi:
ngoma sita, brashi arobaini,
kodi ya chumba nyuma ya mashine ya kukoboa,
na chini, amepiga mstari,
WATOTO WAJE TU.
Wakaja. Wenye sare na wasio na sare,
wengine na mdogo wao mgongoni,
wakachora kwanza kile walichotaka kukisoma.

Kisha kurasa za wafadhili. Utazitambua,
zimepigwa rula.
Miaka mitatu tulikula wali siku za wageni,
na kila mtoto akavishwa fulana ya njano
aivue jioni, ihesabiwe, ifungiwe kabatini.
Mimi ndiye niliyehesabu.
Ukiulizwa, sema hivyo:
Subilaga alihesabu fulana,
hakuhesabu nani ameacha kuja.

Utakuta ukurasa umechanwa.
Si panya.
Ni Jumanne ile Ambakisye alipogonga meza
akamwambia Gwamaka mbele ya wanafunzi wake,
"Wewe piga ngoma. Mambo ya kikao huyawezi."
Sote tukatazama vikombe.
Chai ikapoa, ikafanya utando,
hakuna aliyekunywa, hakuna aliyesema.
Gwamaka aliacha vijiti vyake dirishani
akateremka Kyela, kwenye kakao za shemeji yake.
Nami nikachana karatasi yenye posho yake
ili pengo lisionekane.

Watu husema barua ya wafadhili ndiyo iliyotuangusha.
Barua ilifika Novemba.
Sisi tulishaanguka Juni.

Hapo kuna kurasa nne tupu. Nazo usizichane.

Aliyezivunja ni Mama Bupe, mpishi wetu wa chai,
aliyekuwa akisimama mlangoni miaka yote na birika.
Akauliza, "Gwamaka, nani alimfuata?"
Kimya.
"Basi nauli ya Kyela ni shilingi ngapi?"
Ndiyo matumizi ya kwanza kwa mwandiko wangu:
nauli, watu wawili kwenda, watu wawili kurudi.
Hakuja naye. Alitukaribisha ndizi, akamsikiliza Ambakisye
akisema neno ambalo sikujua niliandike safu gani,
akatusindikiza hadi barabarani.
Alikuja masika yaliyofuata, Jumamosi tu,
na mpaka leo kikaoni hakai.
Tunamwachia kiti.

Sasa angalia mapato. Usicheke.
Maziwa lita moja, kila Alhamisi.
Viazi nusu debe.
Parachichi zenye makovu, walizozikataa wanunuzi.
Elfu mbili, kila mwisho wa mwezi,
kutoka kwa kijana wa bodaboda
aliyejifunza hapa kuchora ng'ombe, akamchora ana miguu mitano.
Mpelekee risiti. Mwambie elfu mbili yake imenunua nini,
hata kama ni chaki.
Wanasema haba na haba;
hawasemi nani akague kibaba kisitoboke.
Zile milioni zilituachia kabati na kufuli.
Elfu mbili hii hurudi.

Mengine ni madogo.
Kikao ni Jumanne, na anayepika chai huongea kwanza.
Ambakisye siku hizi hukaa karibu na mlango,
akipandisha sauti hujikohoza, akaanza upya.
Ukikosea hesabu, seme siku hiyo hiyo;
tutakusaidia kutafuta, hatutakutafuta wewe.

Na hii safu ya pembeni nimeichora mwenyewe,
kwa mkono, imepinda: WALIOACHA KUJA.
Ijaze kabla ya mapato.
Jana kuna jina moja. Ipyana, miaka tisa,
tangu wiki iliyopita hatujamwona.
Kwao ni ukivuka mto, kabla ya mashamba ya chai,
nyumba yenye mlango wa bluu.
Mwavuli uko nyuma ya ngoma kubwa.